Kushoto kwangu kulivyopotea mbele ya mama mkwe

Jamani, leo nimesahau kushoto kwangu ni wapi!

Nawafundisha watoto wa kanisani kwetu Majengo kucheza wakati wa matoleo. Huwa nasimama nikiwatazama, nainua mkono wa kushoto ili wao wainue wa kulia. Wiki nzima sikukosea hata mara moja.

Leo mama mkwe kaja kutoka Chala, kakaa nyuma yao, ananitazama.
Mikono ikagoma. Watoto wakagongana.

Nikageuka, nikawapa wote mgongo. Sasa kulia kwangu ndiko kulia kwao. Tukaenda vizuri!
Nikajua shida ilikuwa kule kutazamana na watoto.

Mara mama mkwe akahamia mbele yangu, akanikazia macho. "Mwanangu, rudia, na mimi nijifunze."

Watoto wako nyuma yangu, sina upande wa kugeuza. Ni kuinua kulia tu.

Nikainua kushoto.

Haya niambieni, shida ni upande au ni macho ya mkwe?