Bila amana, nani atamlipa Mama Koki?

Asubuhi, ndani ya chumba kitupu, inaonekana miguu miwili tu. Mwenye miguu amelala chali chini ya sinki, spana mkononi, anasema na bomba kama mtu anayemkanya mtoto mkaidi.

"Kaza! Nimesema kaza! Haya, umeona? Mpaka ugombezwe."

Anajikokota nje polepole, anashika ukuta, anasimama kwa awamu: kwanza mkono, kisha mgongo, mwisho goti la kulia, ambalo linalia kama mlango uliokosa mafuta.

Mtaa mzima unamwita Mama Koki. Ni fundi bomba tangu usichana wake, kazi aliyofunzwa na baba yake. Kwa jasho la kazi hiyo amejenga vyumba vitatu vya kupangisha uani, kimoja baada ya kingine, haba na haba.

Daktari amemwambia goti limelika na kupiga magoti sasa basi. Vyumba vyote vikiwa na watu, kodi inatosha chakula na dawa. Kimoja kikikaa kitupu, hana budi kurudi chini ya masinki ya watu. Hiki cha katikati kina mwezi wa pili hakina mtu.

Sasa, kitendawili. Nina mlinzi, ananilinda usiku na mchana, lakini sura yake siijui wala kwake sikujui. Ukimtegea Mama Koki hicho, hangoji apewe mji.

"Kampuni ya kwenye simu," anajibu, na kusonya.

Kampuni hizo zinaunganisha wapangaji na wenye nyumba. Mpangaji hatoi amana, ile pesa anayoishika mwenye nyumba mpaka mpangaji ahame. Badala yake anailipa kampuni ada kila mwezi, nayo inamwahidi mwenye nyumba kwamba mpangaji akiharibu kitu, au akitoroka na kodi, kampuni italipa. Mwenye nyumba naye anakatwa sita katika kila mia ya kodi yake.

Aliyemwingiza humo ni binti yake. "Mama, amana ya miezi mitatu nani anayo siku hizi? Unafukuza watu mlangoni," alimwambia.

Hakukosea. Kwa mkataba wa zamani, wa karatasi na mashahidi, chumba hiki kiliwahi kukaa kitupu miezi mitano. Kampuni ilileta mtu ndani ya wiki moja, muuza viatu, mpole, salamu mpaka mlangoni.

Muuza viatu alikaa mwaka mmoja. Alipohama, aliacha sinki limepasuka na maji yanatiririka hadi chumba cha pili, kwa fundi cherehani.

Mama Koki akafanya anachofanya siku zote akiona maji. Alifunga koki kuu, akang'oa sinki bovu, akalitupa, akaweka jipya. Jioni ndipo akapiga simu kwenye kampuni. Kampuni ikataka picha za sinki lililovunjika.

"Picha!" anasema, mikono kiunoni. "Maji yanaingia kwenye vitambaa vya wateja wa mpangaji wangu, mimi nikae nimeshika tama, namngoja mpiga picha?"

Hakulipwa. Masharti yanasema chochote kisitengenezwe kabla ya mkaguzi kufika.

Fundi cherehani, ambaye amepanga hapa miaka tisa kwa mkataba wa karatasi, anacheka mpaka anatoa pini mdomoni. "Dada, kosa lako umezika maiti kabla polisi hawajafika."

"Cheka tu. Amana ingekuwa mkononi mwangu, ningekata yangu, nikamrudishia yake, tukaagana."

Asubuhi hii hii, tukizungumza naye, wakala wa kampuni anafika na mteja mpya. Wakala ni bwana wa makamo, tai shingoni. Mteja ni msusi. Anagusa kuta, anafungua dirisha, anatabasamu. Chumba amekipenda.

"Mimi kwa amana sirudi tena, mama," anasema msusi. "Nimehama nyumba nne, nimetoa amana nne, sijarudishiwa hata moja. Mmoja alinikata yote kwa tundu la msumari. Na msumari wenyewe niliukuta!"

Mama Koki anamtazama, kisha anamgeukia wakala. "Bwana, nikuulize. Huyu akivunja sinki, mkanilipa mimi, nyinyi mtalipwa na nani?"

"Tutamdai yeye."

Msusi anashtuka. "Mimi? Si ndiyo nalipia kila mwezi?"

"Hiyo ni ada ya huduma, dada. Imo kwenye masharti."

"Na nikihama sijavunja hata kikombe, inarudi?"

"Ada hairudi."

Cherehani ya jirani inanyamaza, maana mwenyewe ametega sikio.

Wakala hakasiriki. "Lakini mama, sema kweli. Wewe ukishika amana yake, wewe unashikwa na nani?"

Mama Koki anakuna kichwa kwa ncha ya spana. "Hapo umenipata," anasema.

Wakala anaaga na kuacha namba yake. Msusi habanduki mlangoni. Mama Koki anamvutia ndoo akae, na biashara inaanza upya.

Anachotaka Mama Koki ni amana ya mwezi mmoja badala ya mitatu, ilipwe kidogo kidogo kwa nusu mwaka. Iwekwe benki, kwenye akaunti ya majina mawili, isitoke mpaka wote wawili watie sahihi.

"Na siku nikihama ukagoma kutia sahihi?"

"Na wewe ukigoma, sinki langu nani atalipa?"

"Basi tutakwama wote."

"Ndiyo maana tutaheshimiana, mwanangu."

Shahidi atakuwa fundi cherehani. Msusi anaguna. "Huyo si wako? Miaka tisa anakaa kivulini mwako!"

"Lete na wako."

"Nitamleta mama yangu mkubwa. Yule hamwogopi mtu."

"Mlete. Hata mimi nina hamu ya kumwona."

Jumatatu wanakwenda benki, wote wanne. Mambo yakienda sawa, msusi atahamia mwisho wa wiki.

"Nataka kuitundika hii spana," anasema Mama Koki, akilikanda goti. "Nibaki kufundisha wengine, mimi nimekaa kwenye kiti, nanyoosha kidole tu: pale, kaza pale."

Wamekubaliana kodi, amana, mashahidi na hata siku ya kufagia uani. Kitu kimoja ndicho wanachobishania bado, nacho ni kitabu cha benki kitalala chumbani kwa nani.