Nilivyojifanya bingwa wa pikipiki za theluji kwenye mchanga wa Bawshar

Wakuu wa jukwaa, heshima zenu.

Haya yalinipata mimi mwenyewe. Kama nimeongeza chumvi, ni ile ya kuonja tu, na shahidi ninaye.

Mwaka 2003 nilikuwa Muscat, kwa Bwana Nassor, Mwomani ambaye wazazi wake walitoka Unguja. Alikuwa anakodisha pikipiki za magurudumu manne pale kwenye vilima vya mchanga vya Bawshar. Mimi nilifuta vumbi, nikajaza mafuta, na kuwasaka wateja waliopotelea nyuma ya vilima.

Jioni nilisoma Kiingereza, darasa la watu wazima kule Khuwair ya Kusini. Nikahitimu, wakuu! Cheti nikakilaminisha, kisha nikailaminisha na lamination yenyewe.

Insha ya mwisho ilitaka tueleze mchezo usiokuwepo kwetu. Nikachagua mbio za pikipiki za theluji kwenye njia yenye umbo la yai. Nilikuwa nimeziona kwenye dishi, chumbani kwetu Azaiba, nikapagawa. Nilihamia internet café, ikabaki kidogo tu wanidai kodi ya chumba.

Ngoja niwape darasa, maana hapa ndipo ninapokuwa profesa.

Mashine yenyewe haina matairi. Mbele ina skii mbili, yaani vibao vya kutelezea, nyuma ina mkanda mpana kama wa kifaru cha jeshi. Miaka ya sitini watu wa Kanada na Marekani ya kaskazini walianza kushindana nazo, na viwanja vingine vilikuwa vile vya mbio za farasi, ambavyo wakati wa baridi vilikaa bure.

Wanamwaga maji, yanaganda. Wanamwaga tena, yanaganda tena, mpaka njia inakuwa kioo. Mkanda unapigwa misumari ili ung'ate. Halafu wanakata kona kushoto tu, mbio nzima, kama watu waliosahau kulia ni wapi.

Miaka ya sabini viwanda vinavyounda mashine hizo vilijazana humo, kisha vingi vikajitoa. Baadaye zikaja mbio za kuruka matuta, vijana wakahamia huko. Lakini yai halikufa, kwa sababu moja: ukikaa sehemu moja unaona mbio nzima, mwanzo mpaka mwisho. Hakuna pa kujificha.

Shikeni hapo.

Sasa, viza yangu ilikuwa imebakiza wiki tatu na biashara imelala. Akina mama walikuwa wamegoma kuleta watoto, kwani mtoto akivuka kilima cha kwanza haonekani tena. Bwana Nassor akaniambia kwa upole, "Mwanangu, nnataka kukuongezea viza, lakini sina sababu. Nipe sababu."

Nikamwambia tuchore yai mahali tambarare, wazazi wakae pembeni. Nikamhadithia mbio za theluji tangu enzi za farasi.

"Na wewe ushawahi kuziendesha hizo?"

Jibu la kweli lilikuwa neno moja fupi. Badala yake nikasikia mdomo wangu unasema, "Misimu miwili, bosi. Kilimanjaro."

Wakuu, mimi ni mtu wa Singida. Theluji pekee niliyowahi kuigusa ni ile inayoota ndani ya friza.

Mama yake Bwana Nassor, Bi Zuwena, alikuwa ndani ya gari anakunywa chai ya maziwa. Akashusha kioo. "Nambie, mwanangu, huko mlimani mlikuwa mkipanda na kushuka, au mkizunguka?"

"Tulizunguka, Bibi. Kileleni."

"Haya. Alkhamisi nnakuja kukutazama."

Nikachora yai kwa kamba na koleo, nikalizungushia matairi chakavu. Alhamisi alasiri (enzi hizo ndiyo weekend ya kule) familia zikatandika mikeka. Mara ikaingia pickup imejaa mabonge ya barafu, yale ya kupozea samaki.

Hapo ndipo nilipokumbuka kosa langu. Nilikuwa nimesema "theluji" mara mia. Bwana Nassor anashinda akiongea Kiarabu, na kwa sikio lake theluji ni *thalj*, yaani theluji na barafu kwa neno moja, na thalj pale Muscat inauzwa dukani kwa mabonge.

"Thalj yako hiyo, bingwa. Imwage."

Bado ningeweza kukiri. Nikamwaga. Niliyapondaponda mabonge kwenye kona ya pili, na kabla sijamaliza kufunga helmeti yakawa uji.

"Bismillah!" akasema bosi.

Kona ya kwanza nikaikata kushoto, makofi yakapigwa. Mimi nami nikainua mkono kupunga! Kona ya pili pikipiki ikakwama kwenye uji. Yenyewe ilisimama, mimi nikaendelea. Nilisafiri kwa tumbo kama sabuni bafuni, nikatua mbele ya mkeka wa Bi Zuwena, mchanga mdomoni, kipande cha thalj ndani ya kola.

Zamani ningeangukia nyuma ya kilima, nikajikung'uta, nikarudi na hadithi. Kwenye yai hakuna nyuma.

Bi Zuwena akainama. "Baba, hivi ndivyo mlivyokuwa mkishuka Kilimanjaro?"

Bawshar nzima ilicheka, hadi ngamia.

"Bibi," nikasema, "Kilimanjaro nimeiona kwenye kalenda."

"Nnajua. Toka uliposema kileleni." Kisha akamgeukia mwanawe. "Nassor, huyu nimemuona toka alipoondoka mpaka alipoanguka, na mie sijanyanyuka mkekani. Wajukuu zangu nitawaona hivi hivi. Mtengenezee viza yake."

Akafikiri kidogo. "Ila asipande tena."

Viza nikapata, kina mama wakarudi. Kazi yangu mpya ikawa kusimama katikati ya yai na kizibao cha njano na bendera nyekundu, kumzuia kila anayekata kulia. Watoto hawakuchelewa kunipa jina: Kiini. Nimeondoka Oman naitwa Kiini, na hicho cheo hakikuhitaji lamination.

Nilichojifunza: "hakuna pa kujificha" niliiandika kwa mkono wangu kwenye insha, na mwalimu akaipigia mstari. Wa mwisho kuisoma nikawa mimi.

Haya, nani mwingine fiksi yake ilimwangusha mbele ya watu? Mwageni hapo chini. Watu wa Singida, naombeni mnipokee tu.