Pengo Kwenye Miombo

Kazi ya Advera ilikuwa kubishana na upepo. Kwa miaka kumi na tisa aliupima kwenye kiwanja kidogo cha ndege kando ya njia ya zamani ya misafara, upande wa Urambo, huku majirani wakimcheka kwamba analipwa kwa kutazama hewa. Wacheke tu! Hawakuujua upepo wa chini, ule unaoiyumbisha ndege inapokaribia kutua, rubani akiwa hana tena nafasi ya kujitetea. Advera alipima miombo yote iliyozunguka kiwanja, akaingiza vimo vyake kwenye kompyuta, na kila asubuhi hesabu zake zikasema upepo utavurugika wapi. Marubani waliziamini kuliko macho yao.

Mumewe, Lugembe, alilima tumbaku mashariki ya kiwanja, na miti ya upande huo ilikuwa yake.

Jumanne moja ya Agosti, Advera akitoka mapumziko ya siku moja, hesabu zilisema shwari. Akamsomea hesabu hizo redioni rubani Justus, aliyekuwa akileta wauguzi watatu, kisha akatoka nje. Soksi ya upepo, mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo unakoelekea, ilining'inia bila kucheza mwishoni mwa kiwanja. Lakini katikati, vumbi jekundu lilikuwa likikimbia kukata njia ya kutua. Akatazama mashariki. Palipokuwa na miti, ambayo kompyuta bado iliihesabu, sasa palikuwa na mbingu tupu.

Kuni za kukaushia tumbaku. Lugembe alimuuliza Jumapili mezani kama aikate, naye akajibu "sawa" bila kuinua macho kutoka kwenye namba zake.

Akakimbilia redio. "Justus, usitue! Panda!"

"Mama, si umesema shwari sasa hivi?"

"Nimekosea, baba. Nimekosea! Panda!"

Hakuwahi kulitamka neno hilo redioni. Justus alikawia kuliamini. Ndege ikafika mkabala na pengo la miti, bawa la kulia likanyanyuka ghafla, la kushoto likashuka mpaka likakaribia kukwangua changarawe. Advera akafumba macho. Kisha injini ikanguruma, ndege ikapanda, ikaelekea Tabora mjini.

Alirudi nyumbani. Lugembe alikuwa uani akipanga magogo.

"Imebaki safu moja ya miti kule mwisho," alisema. "Naimaliza kesho."

"Ulikata miti bila kuniuliza tena?"

Lugembe akamtazama kwa mshangao. "Nilikuuliza mara mbili, Mama Tobias. Ukasema sawa."