Sauti ya Pili

Mpiga kinanda wa kanisa letu hapa Free Area alianza kunishushia kii ya nyimbo, yaani kuzipiga chini kidogo, bila kuniambia. Nilijua Jumapili ile ile, maana wimbo uliokuwa ukinitoa jasho ulinikaa vizuri ghafla, na mimi si mjinga. Sikumshukuru wala sikumgombeza. Nilikuwa nimechoka. Siku hizi napanda ngazi nikishika goti, na sauti nayo ina magoti yake. Nilikunywa tangawizi na asali mpaka nikaikinai, na haikusaidia kitu.

Rafiki yangu ndiye aliyesikia sauti yangu ikichoka kabla ya wote. Miaka na mikaka tuliimba bega kwa bega, mimi sauti ya kwanza, yeye ya pili, kushoto kwangu. Alinicheka akisema nikifika kwenye kiitikio nalia kama geti lisilotiwa mafuta. Nilimnunia wiki nzima. Kisha akaugua, nami nikawa nampelekea uji. Siku moja alinishika mkono.

"Siku yangu ikifika, wewe ndio utaanzisha. Usiachie hao wasichana wa kwaya. Na usianzie juu, unajua vile umekuwa."

Nilimwahidi yote mawili.

Tulimzika kwao Kuresoi, kando ya shamba la viazi. Kwetu, udongo ukirudishwa kaburini wimbo haukatizwi. Wanaume wanashika majembe na koleo, sisi tunaimba mpaka wamalize. Kinanda hakuna, kwa hivyo anayeanzisha ndiye anayebeba wote. Baridi ilikuwa imenikaba kifua. Nikafungua mdomo, na mdomo ukaenda kule ulikozoea, juu kabisa. Ubeti wa kwanza ulipita. Kwenye kiitikio sauti ikanikatika, na wenzangu, niliokuwa nimewapandisha mahali wasipofika, wakanyamaza mmoja mmoja. Tukabaki kusikia koleo tu. Binti yake aliniangalia, akainamisha kichwa. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani, kwa sababu jambo la mwisho aliloniomba nilikuwa nimeliharibu mbele yake.

Nikaanza tena, chini. Wasichana wakaichukua sauti ya kwanza bila kuniuliza, na kilipofika kiitikio sikuwa na pa kwenda ila kwenye ya pili, ile yake. Sikuwahi kuiimba. Hakuna aliyenifundisha. Lakini ilikuwa imeingia sikio langu la kushoto maisha yangu yote, na ilitoka nzima, kila inapopanda na kila inaposhuka. Nilimwimbia sehemu yake mwenyewe huku machozi yakinitoka, mpaka udongo ukaisha. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hayupo.

Jumapili iliyofuata nilikaa kwenye kiti chake. Kushoto kwangu ni ukuta. Changu alikikalia msichana mmoja mwenye mapafu ya kutosha. Mpiga kinanda alinisogelea kabla ya ibada, akaniuliza polepole kama aache kii pale chini nilipozoea.

Nikamwambia airudishe juu.