Gari Lenye Vyumba Viwili

Kuna watu Mbeya mpaka leo wanasimulia kwamba nilimfungia baba yangu ndani ya gari kama mbuzi wa mnada. Wanasimulia huku wanacheka, na wengi wao siku hiyo walikuwa hata hawajazaliwa. Nimechoka nao. Mimi shule niliishia darasa la nne, kalamu si chombo changu, lakini kama ni kusimulia basi nisimulie mwenyewe niliyekuwepo.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa fundi wa bodi za magari, nina kibanda changu Ilomba, Mbeya, gesi yangu ya kuchomelea, nyundo zangu, na hakuna mtu aliyenipa hata bisibisi. Binti yangu wa kwanza alichumbiwa na Mhehe, harusi ikapangwa hukohuko Iringa. Baba yangu akasema, "Mjukuu wangu haendi kwa watu bila mkono wangu kichwani mwake. Nipelekeni." Nyonga ilikuwa imemkamata, ngazi za basi haziwezi. Na mama wa bibi harusi, yaani mke wangu, naye lazima awepo. Harusi gani haina mama?

Sasa sisi ni Wanyakyusa. Kwetu baba mkwe na mkamwana hawaonani. Hakuna ugomvi, ni heshima tu. Mmoja akitokea huku, mwingine anakatiza kule. Mke wangu akisikia kikohozi cha baba, anapotelea migombani na ndoo yake ya maji. Miaka ishirini ndani ya ukoo wetu alikuwa hajauona uso wa mzee yule. Niambie, watu hao unawapakiaje kwenye gari moja kutwa nzima? Na mafuta ya kwenda mara mbili sikuwa nayo.

Nikaamua kujenga stesheni wagoni, lile gari refu lenye mlango mgongoni, nilikate vyumba viwili. Idodi, upande wa Iringa, kwenye njia ya mbugani, kulikuwa na mzoga wa gari la Kifaransa lililogonga nyati. Mbele kulikuwa kumekwisha, lakini mgongo wake mrefu ulikuwa mzima, kuku wanatagia ndani. Mbele nilishapata: saluni, yaani gari dogo la kawaida, ya aina hiyohiyo, imetupwa nyuma ya ghala pale Mbeya, kutu imekula sakafu mpaka ukikaa unaona majani. Nikaenda Idodi na msumeno wa chuma, nikakata mgongo ule kwa mkono siku mbili, nikaupandisha kwenye lori la mahindi. Milango niliitoa kwa mfugaji mmoja Usangu, aliyekuwa amekuja na ng'ombe wake kutoka kaskazini. Alikuwa na gari bovu analolifanya banda la ndama.

Miezi mitano. Palipooza nilikata, nikachomelea bati la mapipa ya lami. Kila jioni wapita njia wanasimama.

"Fundi, hicho kitu kinakwenda au kinarudi?"

"Kinakwenda kumleta mama mkwe wako," nawajibu. "Andaa chai."

Nyuma ya kiti cha mbele nikachomelea ukuta wa bati, kutoka sakafuni hadi kwenye paa. Nyuma ya ukuta nikaweka kiti kimoja cha sponji, kimeelekea nyuma, mzee aone barabara kupitia kioo cha mlango wa nyuma. Vioo vya pembeni sikuvipata, nikaziba kwa bati na kutoboa matundu ya hewa. Baba ataingilia nyuma, mke wangu mbele. Kitasa cha mlango wa nyuma kilikufa siku ya nyati, kwa hiyo nikafunga komeo la geti, nene, zuri, kwa nje. Nilijisifu. Injinia mwenye vyeti vyake asingewaza ukuta ule, kwa sababu baba yake hana shida kama ya baba yangu.

Siku ya safari tuliondoka asubuhi. Binti alikuwa ametangulia na shangazi zake. Nikamwingiza baba, nikakomea, ndipo nikamwita mke wangu kutoka nyuma ya nyumba. Tukaenda vizuri, lami kipande, vumbi kipande, hadi tulipoipita Makambako. Kwenye mlima mmoja rejeta ikachemka. Nikasimama, nikachukua dumu nikashuka bondeni kutafuta maji.

Nikiwa huko chini nikasikia honi. Ikalia, ikanyamaza, ikalia tena mfululizo. Nikakasirika. Nikasema, huyu mwanamke ananipigia honi kama mimi utingo wake! Naandika haya na uso unaniwaka. Nilikaa kwenye jiwe makusudi. Nikanawa miguu. Dumu lilishajaa zamani, mimi bado nanawa miguu.

Niliporudi, mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Baba amekaa chini kando ya barabara, shati limelowa jasho, anahema kama aliyetoka kulima. Mke wangu alikuwa ng'ambo ya barabara, mbali, amejifunika kanga kichwa chote, ametugeuzia mgongo.

"Nani amefungua?" nikauliza.

"Kuna mtu alipita," baba akasema.

"Mtu gani? Barabara tupu."

"Nimesema alipita mtu. Sikumwona."

"Baba, nilisahau komeo liko..."

"Hukusahau. Hukufikiri. Nyumba gani inafungwa kwa nje, mtu yumo ndani? Bati linawaka, nagonga na fimbo, nagonga, moyo unataka kutoka. Zizi ndilo hufungwa hivyo." Kisha akageukia bondeni, upande usio na mtu, akasema kwa sauti, "Ndaga." Yaani asante. Hakusema kwa nani.

Nikavuka barabara. Mke wangu naye akaniambia kanga ikiwa usoni, "Mlango umefunguka wenyewe." Miaka mingi ilipita ndipo akaniambia ukweli: alisikia fimbo, akapiga honi mpaka kidole kikauma, sikuja, fimbo ikaanza kugonga polepole, ikanyamaza. Akajifunika, akatembea kinyumenyume kutoka kwenye boneti hadi nyuma, akipapasa bati, akavuta komeo, akakimbia. Alipokuwa anapapasa alikuwa mbele ya kioo, na mzee alikuwa nyuma ya kioo hichohicho.

Baba akakataa kurudi nyuma. "Mimi nitakaa na wewe mbele." Mke wangu hakungoja kuambiwa. Alisubiri mzee aingie mbele, akazunguka, akapanda kwenye chumba cha bati. Nikaenda kufunga.

"Ukigusa hilo komeo," akasema, "nashuka hapa hapa na harusi utaimaliza peke yako."

Akafunga ncha ya kanga kwenye mlango, akaushika kwa mikono yake mwenyewe. Hivyo ndivyo tulivyokwenda, mlango unapigapiga, vumbi lote na moshi wote wa ekzosi unaingia kwake, hadi Ipogolo chini ya mlima wa Iringa, hadi juu mjini.

Wakwe walitupokea kwa vigelegele. Akina mama wakakimbilia mlango wa mbele kumkumbatia mama wa bibi harusi, wakamkuta babu mwenye fimbo. Kisha nyuma akashuka mtu mwekundu kama tofali, nyusi nyekundu, kope nyekundu, masizi puani. Vigelegele vikakatika. Mke wangu akakung'uta kanga, akasema, "Shikamooni. Naomba maji ya kunawa."

Baba alimbariki mjukuu wake jioni hiyo, mkono kichwani kama alivyotaka. Mama mtu alikuwa upande wa pili wa nyumba, anaimba na wenzake. Mimi nilikuwa nje na patasi, natoboa mlango nipitishe kitasa cha ndani. Kazi ya nusu saa. Katika miezi mitano nilikosa nusu saa?

Asubuhi ya kurudi nikamwonyesha mke wangu. "Tazama, sasa unafunguka ndani na nje."

"Nitapanda basi," akasema.

"Gari ni letu!"

"Ni la sifa zako, baba watoto."

Akapanda basi na sufuria zake. Mimi nikarudi na baba pembeni yangu, nyuma kutupu. Kila tulipopita watu walisimama kulishangaa gari, wananipungia. Sikumpungia hata mmoja.