Dada alisugua chupa, tanuru likatutoa roho

Wakuu, heshima kwenu. Niko Lubumbashi, nafanya kazi maabara ya kupima madini, na hadi sasa nacheka peke yangu. Sitii chumvi hata kidogo.

Dada yangu mkubwa anakaa mtaa wa Naviundu, hapa hapa mjini. Ana mimba, na maji yake yote ni ya kisima cha uani. Jirani akamtisha: mji wa migodi huu, kisima hicho hakikosi risasi. Si ya bunduki jamani, ni ile metali inayodhuru ubongo wa mtoto.

Akaniletea chupa ya maji nipime.

Hiyo mashine yetu, tanuru la grafiti, naipenda mpaka naona aibu! Unadondosha tone moja tu ndani ya kimrija cha grafiti. Umeme unakipasha polepole, tone likauke bila kurukaruka. Joto linaongezwa, takataka zinaungua na kutoka kama moshi.

Halafu paa! Nyuzi kama elfu mbili, kimrija kinawaka, risasi iliyobaki inageuka wingu la atomu. Taa inapitisha mwanga humo ndani. Wingu likimeza mwanga mwingi, ujue risasi ni nyingi.

Wakuu, wingu lilimeza mwanga vibaya sana. Nikarudia, yale yale.

Nikawatumia majibu. Shemeji naye alishaazima koleo kwa jirani yule yule, akifukie kisima. Nikampigia dada, nikauliza kwa kubahatisha tu, kwa Kiswahili chetu cha huku (yaya ni dada mkubwa, kusukula ni kuosha):

"Yaya, ile chupa ulisukula na nini?"

"Na muchanga ya pa lupango! Nilisukula bien bien, batu ba labo basiniseke."

Mchanga wa uani, eti sisi watu wa maabara tusimcheke! Wa Lubumbashi, na vumbi lote hili la migodi! Kumbe alisugua risasi ndani ya chupa kwa mkono wake.

Nikakimbia kwake na chupa iliyooshwa kwa asidi, nikachota mwenyewe. Tone, joto, paa! Wingu halikumeza karibu chochote. Nilipiga kelele mpaka chef, bosi wetu, akatoka ofisini.

Nikampigia tena: "Maji iko muzuri, yaya. Kunywa!"

Akalia kwanza. Kisha akanifokea, eti mchanga tu ndio uliomkosesha usingizi: "Kumbe njo juu ya muchanga tu sikulala?"

Funzo: kabla ya kulaumu kisima, uliza chupa ilioshwa na nini. Ninyi huko mnasugua na kitu gani? Semeni ukweli, siwacheki.

Koleo limerudishwa kwa jirani. Shemeji alilipeleka na jagi la maji ya kisima, akasimama pale mpaka jirani akanywa.