Paskazia avisaka vimelea vya ndigana kwa waya wa simu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Duka la vifaa vya ofisi la Sherbanu, mjini Shinyanga, halijafunguliwa, lakini chumba cha nyuma kina mtu. Paskazia Bujiku anakitazama kijisanduku kinachounganisha kompyuta na simu. Kinakwaruza, kinapiga mluzi, kisha kinanyamaza. Ameingia.

Kompyuta anayozungumza nayo haimo humu. Iko Nairobi, katika kituo cha utafiti, na kwa kweli ni kompyuta nyingi zilizofungwa pamoja zisaidiane kazi moja. Paskazia (31), fundi wa maabara ya mifugo, anaiandikia amri kwa maneno matupu, hakuna picha ya kubofya.

Chanzo cha yote ni ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe. Mwaka 1994 uliingia kwenye boma la baba yake, karibu na Mwakitolyo. Kati ya ndama ishirini na mmoja wakabaki wanne.

"Baba hakulia," anasimulia. "Aliacha tu kuongea na watu."

Chanjo ilipofika, Mzee Bujiku aliikataa. Alitaka kwanza aambiwe kama ni ya ugonjwa wa kwao au wa ng'ombe wa mbali. Paskazia hakuwa na jibu, wala wakubwa wake kazini. Ilibidi vinasaba vya vimelea vya huku vilinganishwe na vya vimelea vilivyomo kwenye chanjo, herufi kwa herufi. Kompyuta ya maabara ingeifanya kazi hiyo kwa wiki kadhaa, na umeme wa hapa hauna subira hiyo.

Nairobi wakamfungulia nafasi. Simu ya maabara ilikuwa ya kubahatisha, ndipo Sherbanu, anayefahamika zaidi kama Mama Zeeshan, alipomruhusu kutumia yake kabla ya wateja kuanza kuingia.

Mwanzo ulikuwa mchungu. Machi mwaka huu wa 1998 alituma taarifa za vinasaba vya sampuli zote, za Shinyanga na za Geita, kwa mkupuo, akaziendesha kwenye kompyuta ileile wanayopitia watumiaji wote. Watafiti wa nchi tatu walikwama asubuhi nzima. Akafungiwa.

Msimamizi wa mitambo ya Nairobi, Enock, alipiga simu dukani. Paskazia alijiandaa kutukanwa.

"Dada, hapo ulipokaa ni mlangoni," Enock alimwambia. "Pita. Sema unahitaji kompyuta ngapi na kwa muda gani, uiache kazi kwenye foleni. Zamu yako ikifika itajifanya yenyewe, hata ukiwa shambani."

Hata hivyo alirudi nyumbani akiwa ameamua kuachana nayo. "Niliona aibu. Nikasema vitu hivi si vya mtu kama mimi."

Alipokosekana siku kadhaa, Mama Zeeshan alimfuata maabara, akamuuliza taratibu kama ndigana nayo imeacha kazi.

Akarudi. Akajifunza kukata kazi vipande, kujaribu kimoja kwanza, kupanga amri zote katika faili moja, na kuomba kiasi kinachomtosha tu.

Leo matokeo yanashuka mstari baada ya mstari. Sherbanu ameingia na chai, amesimama nyuma yake. Vimelea vya Shinyanga vinafanana sana na vya chanjo, kwa hiyo kuna matumaini makubwa ya kuwakinga ndama wa huku. Vya Geita vimejitenga, huenda chanjo hii isiwakinge ndama wa kule.

"Ya baba ni habari njema," anasema Paskazia, akijifuta macho kwa kiganja. "Ya Geita bado ni kazi."

Jumapili iliyofuata alikwenda kumpa mzee jibu lake. Mzee Bujiku alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza wachanjaji wanakuja lini.

Kabla mvua hazijaanza, Paskazia atazunguka vijiji vya Geita hadi Nkome kuchukua damu ya ng'ombe. Januari atakwenda Nairobi kwa mafunzo ya wiki mbili, na akirudi atawafundisha wenzake wawili wa maabara.

"Kwenye foleni ile, Shinyanga niko peke yangu," anasema. "Nataka tuwe wengi mpaka tugombee zamu."